Shule inasema mtoto wako anasumbua: jinsi ya kukaa nao mtengeneze mpango wa msaada wa tabia

Kama simu ya shule ikiingia tu asubuhi tumbo linakaza hata kabla hujapokea, haya maandishi ni ya kwako. Mi nimepitia, miaka miwili mizima naitwa shule kila baada ya siku chache, mara mwanangu kapindua meza, mara katoka darasani bila ruhusa, mara kamsukuma mwenzie, na kila nikifika naambiwa "mama, ongea na mtoto", basi naongea nae, nagomba, namnyima kucheza, naomba radhi kwa wazazi wa wenzie, na wiki inayofuata tuko palepale. Kilichokuja kutusaidia ni karatasi mbili tu zinazoitwa mpango wa msaada wa tabia, ambazo tulikaa na walimu tukaziandika pamoja, na hapa nakueleza jinsi ya kuzipata kuanzia mwanzo, na pale nilipokosea nitakwambia.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Sio barua ya onyo, sio fomu ya nidhamu, na sio ile karatasi ya "naahidi sitarudia" ambayo mtoto anasainishwa huku analia. Ni makubaliano ya maandishi kati ya shule na nyumbani kuhusu mtoto mmoja: tabia gani hasa inasumbua, inatokea lini na inamsaidia nini huyo mtoto, watu wazima watabadilisha nini ili isitokee, mtoto atafundishwa kufanya nini badala yake, na ikitokea nani anafanya nini. Ukiangalia vizuri utaona sehemu kubwa ya hapo ni kazi ya watu wazima, na hilo ndo jambo ambalo nataka ulishike mpaka mwisho, mpango wa tabia ya mtoto kiukweli ni mpango wa tabia ya sisi wakubwa tunaomzunguka.

Hatua ya 1: Omba kwa maandishi, usiishie kwenye simu

Ongea na mwalimu wa darasa kwanza, usimruke ukaenda kwa mwalimu mkuu, maana yeye ndo anakaa na mtoto wako siku nzima na ukimruka atajiona umemshtaki. Ila baada ya maongezi andika, hata meseji fupi tu au barua yenye tarehe, na ubaki na kopi. Sio lazima iwe na maneno ya kisheria, unaandika hivi: "Mwalimu, asante kwa kunipa muda jana. Naomba tukae kikao, mimi na wewe na mwalimu wa ushauri nasaha, tuangalie kwa nini mwanangu anapata shida na tutengeneze mpango wa kumsaidia wa maandishi. Niko tayari siku yoyote wiki ijayo." Basi. Maneno ya mdomo yanasahaulika, mwalimu anahamishwa, muhula unaisha, na mwakani mnaanza upya kama vile hamjawahi kuongea.

Sheria zinatofautiana nchi na nchi kwahiyo ulizia za kwako, lakini ujue huombi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unazungumzia watoto kupewa msaada unaomlenga mmoja mmoja ndani ya shule za kawaida, na kuna nchi zina sheria zake kabisa, kwa mfano Marekani tangu 1997 sheria ya elimu maalumu inazitaka shule zichunguze sababu za tabia na zipange msaada pale mtoto mwenye ulemavu anapokaribia kuondolewa shule kwa ajili ya tabia hiyo. Na hata kama mtoto wako hana ulemavu wowote aliopimwa, hakuna kinachozuia shule kukaa na wewe na kuandika mpango. Usisubiri jina la ugonjwa ndo uanze.

Hatua ya 2: Angalia mwili kwanza

Hii watu wengi wanairuka. Kabla hamjaanza kujadili tabia hakikisha mtoto anaona vizuri, anasikia vizuri, analala vya kutosha na hana maumivu. Mtoto mwenye maji au maambukizi sikioni anaweza kusikia leo na kesho asisikie, mwalimu anaona ni kiburi. Choo kigumu cha muda mrefu kinaweza kumfanya mtoto asitulie kwenye kiti, na aibu inamzuia kusema. Kuna kifafa cha aina ambayo mtoto haanguki wala hatetemeki, anaganda tu sekunde chache macho yanatazama mbali alafu anarudi, na hizo sekunde ndo ambazo maelekezo yalitolewa, sa anaambiwa hasikilizi. Usingizi nao, mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji masaa 9 hadi 12 ndani ya saa 24, na mtoto asiyelala sio lazima asinzie darasani, wengi wanakuwa na fujo zaidi. Kama ameanza dawa mpya au amebadilishiwa dozi, shule iambiwe. Na kama nyumbani kuna msiba, kutengana, kuhama, mtoto mpya, sema kwa kifupi, huna haja ya kuanika kila kitu, "tumepata mabadiliko nyumbani toka mwezi uliopita" inatosha.

Hatua ya 3: Ondoa majina, weka kinachoonekana

Mkorofi, mtukutu, hana adabu, mvivu, anatafuta sifa. Maneno haya hayawezi kuingia kwenye mpango kwa sababu hayapimiki na kila mtu anayaelewa kivyake. Kila mwalimu akisema neno kama hilo muulize taratibu, "akiwa mkorofi anafanyaje mwalimu, nikiwa nimekaa darasani ningeona nini?" Unataka ufike kwenye sentensi kama "anatupa daftari chini na kutoka nje ya darasa, mara tatu au nne kwa wiki, anakaa nje kama dakika kumi". Hiyo mtu yeyote akiiona anaijua, na inaweza kuhesabiwa.

Chagueni tabia moja, sana sana mbili. Najua zipo nane. Anzeni na ile inayoumiza mtu au inayomkosesha masomo zaidi, zile za kugonga meza na penseli na kusahau kunyoosha mkono achaneni nazo kwa sasa.

Hatua ya 4: Tafuteni tabia inampa nini

Hapa ndo roho ya kazi yote, na hapa nitakaa.

Tabia inayojirudia inajirudia kwa sababu kuna kitu inampa mtoto. Wataalamu wa tabia huwa wanazipanga sababu kwenye mafungu manne, na mi naona yanatosha kabisa kwa mzazi: anakwepa kitu (kazi ngumu, kelele, mtu fulani, aibu), anatafuta watu wamuangalie (mwalimu au wenzie, hata kama ni kwa kugombezwa), anataka kitu au shughuli fulani, au ni mwili wenyewe unajisikia vizuri au unajituliza kwa kufanya vile. Fujo ileile, tuseme kupiga kelele, kwa mtoto huyu ni kukwepa hesabu, kwa yule ni kutaka mwalimu aje karibu. Ndo maana dawa ya mtoto wa jirani haiwezi kuwa dawa ya mtoto wako, na ndo maana adhabu moja kwa wote haifanyi kazi.

Namna ya kujua sio kumuuliza mtoto "kwa nini umefanya hivo", mara nyingi hata yeye hajui na atakujibu lolote ili yaishe. Namna ya kujua ni kuandika. Omba mwalimu aweke karatasi yenye safu tatu, kabla, tabia, baada. Kabla: ilikuwa saa ngapi, kipindi gani, nani alikuwa karibu, aliambiwa afanye nini. Tabia: alifanya nini. Baada: watu walifanya nini na yeye akapata nini au akaepuka nini. Mstari mmoja kwa tukio moja, sekunde thelathini tu. Wiki mbili zinatosha kwa kuanzia. Na aandike pia siku ambazo hakuna kilichotokea, hizo watu huwa wanazisahau na kumbe zina majibu mengi kuliko siku mbaya.

Yetu ilivyokuwa ni hivi. Shule ilishaamini kwamba mwanangu "anaamka vibaya" siku zingine. Mwalimu wake mpya akakubali kuandika, nashukuru sana kwa yule mwalimu mpaka leo, na baada ya wiki mbili tukakaa tukaangalia karatasi, matukio saba, sita kati yake yako kwenye kipindi cha kusoma, na sio kila kipindi cha kusoma, ni siku zile za kusoma kwa sauti mmojammoja kwa zamu kufuata viti. Siku za kusoma kimyakimya hakuna kitu. Alafu tukaangalia safu ya "baada", kila tukio limeandikwa "nilimtoa nje". Nilikaa kimya nikiangalia ile karatasi. Yaani mtoto alikuwa nyuma kwenye kusoma, anaona zamu inakuja, anapindua meza, anatolewa nje, hasomi. Sisi adhabu tuliyokuwa tunampa ndo kitu hasa alichokuwa anakihitaji, na tulimpa kila mara kwa miaka miwili, na kila mara tulimfundisha kwamba meza inafanya kazi.

Kwahiyo kwenye hiyo karatasi macho yako yaende safu ya tatu. Kama baada ya fujo mtoto anatolewa nje, anarudishwa nyumbani, anasimamishwa kazi aliyokuwa anafanya, fikiria kukwepa. Kama watu wote wanageuka na mwalimu anamsogelea na kuongea nae dakika tano, fikiria kuangaliwa. Kama anapewa kile kitu ili anyamaze, jibu unalo. Na kama anafanya hata akiwa peke yake hakuna mtu, fikiria mwili.

Hatua ya 5: Siku ya kikao

Usiende peke yako kama unaweza, nenda na baba yake au dada yako au rafiki, kazi yake iwe kuandika tu, kwa sababu wewe ukisikia mtoto wako anasemwa vibaya masikio yanaziba. Beba: daftari, ripoti zozote za daktari, orodha fupi ya vitu vinavyomtuliza na vinavyomchemsha nyumbani, na kazi yake moja nzuri, mchoro, kitu alichotengeneza. Hiyo ya mwisho sio mapambo. Ukianza kikao kwa kuuliza "anafanya vizuri akiwa wapi na nani?" mnapata taarifa za maana, maana kama katika kipindi cha michezo hana shida hata siku moja, basi kule kuna kitu ambacho darasani hakipo, mkitafute.

Mkumbuke mwalimu ni binadamu na ana watoto wengine wengi wanaomsubiri. Kosa langu la kwanza nilienda na hasira, nikaongea kama wakili, mwalimu akafunga mdomo, akawa anajibu "sawa" kwa kila kitu na hakuna hata kimoja kilichofanyika. Kikao cha pili nilimuuliza swali moja tu, "mwalimu, kwa hali halisi ya darasa lako nini unaweza kukifanya kila siku bila kuumia?" na pale ndo tulipoanza kuongea kweli. Mambo matatu yanayofanyika kila siku yana faida kuliko kumi na tano yaliyoandikwa vizuri.

Wakitumia maneno ya kitaalamu usiyoyajua, wasimamishe waulize. Na usisaini siku hiyohiyo kama haujaelewa, sema "naomba nikasome nyumbani, nitarudisha keshokutwa". Hakuna mtu mwenye nia njema atakayekukatalia hilo.

Hatua ya 6: Vitu vya kuandika ndani

Kuzuia kabla. Mkishajua sababu mnabadilisha mazingira. Kwa mwanangu tulikubaliana haitwi tena kwa zamu, atapewa aya yake fupi siku moja kabla, anaisoma nyumbani na mimi, na kesho mwalimu akimgusa bega ndo anajua inafuata ni ile aliyoifanyia mazoezi. Kwa mtoto mwingine inaweza kuwa kukaa mbali na mlango, kuonyeshwa ratiba ya siku kwa picha, kuambiwa dakika tano kabla kwamba kipindi kinaisha, kugawiwa kazi nusunusu, kupewa kazi ya kutembea kama kugawa madaftari. Na kama chanzo ni kwamba somo limemshinda basi afundishwe hilo somo. Hakuna mpango wa tabia utakaofanya kazi ya kufundisha kusoma.

Tabia mbadala. Huwezi kumnyang'anya mtoto njia yake bila kumpa nyingine. Ile mpya lazima ifanye mambo mawili, impe kitu kilekile alichokuwa anakipata, na iwe rahisi kuliko fujo. Mwaka 1985 watafiti Edward Carr na Mark Durand walichapisha kazi yao na watoto wanne waliokuwa na fujo darasani, waliwafundisha sentensi fupi za kuomba, kuomba msaada au kuomba kuambiwa kama kazi yao ni nzuri, na fujo zilipungua sana, lakini pale tu sentensi ilipolingana na sababu ya fujo ya yule mtoto. Sentensi isiyolingana haikusaidia. Kwahiyo anayekwepa mfundisheni kuomba mapumziko, kadi ndogo anaiweka juu ya meza na anapewa dakika mbili, bila maswali. Anayetaka kuangaliwa mfundisheni kumuita mwalimu kwa njia inayokubalika. Watu watasema "sa si ataomba mapumziko kila saa?" Wiki za mwanzo ndio, ataomba sana, na mumpe kila anapoomba, maana ndo anajaribu kama kweli inafanya kazi. Mkianza kumkatalia mapema atarudi kwenye meza. Baadaye mnapunguza taratibu, kadi tano kwa siku, alafu nne, na kadhalika. Na afundishwe akiwa ametulia, mara nyingi, kwa kuigiza, sio katikati ya hasira.

Kutia moyo. Sifa iwe ya kitu maalumu na iwe hapohapo: "umeweka kadi badala ya kutoka, vizuri sana". "Leo ulikuwa mzuri" jioni haimfundishi kitu. Kama mnatumia stika au pointi, zawadi iwe karibu, mtoto wa darasa la kwanza hawezi kusubiri mpaka Ijumaa, na kile alichokwisha kipata asinyang'anywe kwa kosa lingine. Hili nasisitiza kwa sababu nimeona mtoto anafanya vizuri asubuhi yote, mchana anakosea mara moja, stika zote zinafutwa, na kuanzia siku ile chati ikawa haina maana tena kwake.

Ikitokea, wakubwa wafanyeje. Kila mtu jibu moja, yule mwalimu wa hesabu na yule wa michezo na msaidizi. Maneno machache, sauti ya chini, sio mbele ya wenzie.

Mpango wa hatari. Kama mtoto hufikia kupiga, kujiumiza au kukimbia, andikeni kabisa: dalili za kwanza ni zipi (wa kwangu anaanza kuvuta kola ya shati), nani anamsogelea, wenzie wanapelekwa wapi, nani anampigia mzazi na wakati gani. Mtoto akishafika kileleni hasikii mahubiri, muda ule ni wa usalama tu na nafasi, na kutulia kabisa kunaweza kuchukua nusu saa na zaidi hata kama kwa nje anaonekana yuko sawa, ukianza kumhoji mapema inalipuka tena. Na kwenye jambo la kushikwa usilegee: andikeni kwamba hatapigwa, hatafungiwa chumbani peke yake, na kumshika kwa nguvu ni pale tu mtu yuko karibu kuumia, kwa muda mfupi, na mzazi anaambiwa siku hiyohiyo. Kumlaza mtoto kifudifudi na kumkandamiza kunaweza kuzuia pumzi, watu wameshakufa namna hiyo.

Nani na lini. Kila mstari uwe na jina la cheo na siku. "Atapewa msaada" sio mstari. "Mwalimu wa darasa atampa aya siku moja kabla ya kipindi cha kusoma kwa sauti" ndo mstari.

Alafu kabla ya kusaini fanya hiki kipimo changu: chukua kalamu, pigia mstari sentensi zote zinazoanza na "mtoto ata...", alafu zile zinazoanza na "mwalimu ata..." au "mzazi ata...". Kama za mtoto ndo nyingi, hiyo ni orodha ya sheria imevishwa nguo nyingine, rudisheni mezani.

Hatua ya 7: Mtoto aulizwe

Mkataba wa haki za mtoto wa 1989, ibara ya 12, unasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu. Sio lazima akae kikao kizima, kwa mtoto mdogo ni kumtesa. Muulize kabla, nyumbani, mkiwa mnafanya kitu kingine: saa gani ya shule ni ngumu, mwalimu yupi anakusaidia, ukikasirika unataka mtu mkubwa afanye nini. Wangu alisema "wasiniite jina langu kwa nguvu". Iliingia kwenye mpango neno kwa neno. Mtoto asiyeongea anaweza kuonyesha kwa picha au kwa kuchagua.

Hatua ya 8: Upande wa nyumbani

Maneno yawe yaleyale. Kama shule wanaita "kadi ya kupumzika" na nyumbani iwe hivohivo. Usimwadhibu mara mbili kwa kosa la shule, kama limeshughulikiwa kule limeisha, nyumbani mpe nafasi ya kupumua kabla ya maswali. Daftari la mawasiliano ni zuri lakini liwekeeni sheria: liandikwe kitu kimoja kilichoenda vizuri, kadi ngapi zilitumika, na kama kuna tukio basi kwa sentensi mbili. Sisi la kwanza liligeuka kuwa orodha ya makosa, mtoto ndo analibeba begani kila siku anarudi nalo akijua limeandikwa nini, nikaomba libadilishwe. Ya kubishana tupigiane simu, yasipitie kwenye begi lake.

Hatua ya 9: Wiki za mwanzo, na jinsi ya kujua kama inafanya kazi

Jiandae, inaweza kuwa mbaya zaidi kabla ya kupoa. Njia ya zamani ikiacha kumpa alichozoea, mtoto anaongeza nguvu kwanza, kama mtu anayebonyeza swichi isiyowasha taa, anabonyeza tena na tena kwa nguvu. Shule nyingi zinatupa mpango hapo hapo wiki ya pili zikisema umeshindwa. Waambie mapema kwamba hili linaweza kutokea ili lisije kuwashtua.

Hesabu ndo zinazoamua, sio hisia. Zile wiki mbili za kuandika zinawapa namba ya kuanzia, tuseme mara nne kwa wiki, dakika kumi. Lengo la kwanza liwe dogo, mara mbili kwa wiki. Wekeni tarehe ya kukutana tena siku ileile mnayosaini, baada ya wiki nne mpaka sita. Kwenye kikao hicho swali la kwanza kabla ya yote: je, mpango ulifanyika? Kama kadi ilikuwa kwenye droo ya mwalimu na mwalimu wa zamu hakuijua, basi mpango haujashindwa, haujaanza. Kama ulifanyika kweli na namba hazijashuka, huenda sababu mliyodhani sio yenyewe, rudini kwenye karatasi ya safu tatu. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkibadili vitano hamtajua kilichosaidia.

Na nusu ukurasa wa muhtasari uwekwe mahali ambapo mwalimu anayeshika darasa kwa siku moja ataukuta. Siku zetu mbaya zaidi zilikuwa zile ambazo mwalimu wa darasa anaumwa.

Kama shule haifanyi walichokubali

Andika, kwa upole, kwa tarehe: "Tulikubaliana apewe aya siku moja kabla. Wiki hii hakupewa siku mbili. Kuna kitu kinazuia tukiangalie?" Mara nyingi kuna kitu kweli, mwalimu kazidiwa, au kipindi kimehamishwa. Wakirudia, mwalimu mkuu, alafu mamlaka ya elimu iliyo juu ya shule, na kopi zako zote zile ndo zinafanya kazi sasa. Weka pia rekodi ya kila mara unapopigiwa umchukue mapema, hata wasipoiita adhabu. Masaa hayo ni masomo aliyokosa, na kama shida yake ni kukwepa, kila anaporudishwa nyumbani mnamlipa. Waonyeshe hizo tarehe kikaoni, zinaongea zaidi ya malalamiko.

Kupunguza na kuhama darasa

Mambo yakikaa sawa kwa wiki kadhaa msiufute mpango ghafla, punguzeni kimoja kimoja, na mkiona namba zinapanda rudisheni cha mwisho mlichotoa. Hatari kubwa ni mwaka mpya wa masomo. Omba kikao cha dakika ishirini kabla shule hazijafunga, mwalimu wa sasa na anayempokea wakae pamoja na wewe, mwalimu aliyemfahamu amwambie mwenzie kwa mdomo wake nini kinafanya kazi. Mtoto aonyeshwe darasa jipya na kiti chake likiwa tupu. Na ile kadi, hata kama hajaitumia miezi miwili, siku ya kwanza iwe mfukoni mwake na mwalimu mpya awe anajua maana yake.